Asiyekuwapo na Lake Lipo: Kura ya Ughaibuni katika Uchaguzi wa Kwanza Huru wa Afrika Kusini

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husikika pale mtu anapokosa kuhudhuria kikao cha ukoo, kisha akaja kulalamika kwamba mambo yaliamuliwa bila yeye. Busara yake haina shaka: baraza haliwezi kumngojea kila mvivu, na anayelitaka lake sharti ainuke aende akaliseme. Hata hivyo, methali hii hukadiria kwamba aliyekosekana alikosekana kwa hiari yake. Haielezi lolote kuhusu mtu aliyefukuzwa barazani kwa fimbo, mlango ukafungwa nyuma yake, na miaka thelathini baadaye akasikia kwamba baraza limeitishwa upya. Je, huyo naye lake halipo?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza upigaji kura wa watu walio nje ya nchi yao wakati nchi hiyo inapofanya uchaguzi wake wa kwanza ulio huru. Mfano mkuu ni uchaguzi wa Afrika Kusini wa Aprili 1994. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa waliokuwa uhamishoni walipitia Afrika Mashariki, na baadhi yao wakaishi humu kwa miaka mingi. Pili, historia ya Afrika Kusini baada ya 1994 inadhihirisha jambo ambalo ni nadra kuzungumziwa: kwamba nchi huwa karimu kwa watoto wake walio mbali siku ile ya kwanza ya uhuru, kisha ukarimu huo ukaanza kupungua kadiri uchaguzi unavyokuwa jambo la kawaida. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukarimu wa siku ya kwanza haukuwa hisani ya kupita. Ulikuwa tafsiri sahihi ya maana ya uraia.

Istilahi na historia yake

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, inafaa kuyatazama maneno matatu ambayo msomaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuyahoji.

La kwanza ni kura. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu: kitu kinachotupwa au kuchotwa ili kuamua jambo pasipo upendeleo. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiswahili mabaharia waliosafiri na Yona wanapiga kura ili wamjue aliyewaletea dhoruba. Katika matumizi hayo mtu hakuchagua, bali alichaguliwa. Maana ya kisiasa imeligeuza neno: sasa anayepiga kura ndiye mwenye uamuzi. Hata hivyo, katika nchi ambayo uchaguzi si huru, ile maana ya kale hubaki ikinong'ona, kwa kuwa mpiga kura huwa ni mtu anayesubiri kuona dhoruba itamwangukia nani.

La pili ni uhamishoni. Neno hili limejengwa juu ya kitenzi hamisha, na mnyambuliko huo una uzito. Aliyehama aliondoka mwenyewe, aliyehamishwa aliondolewa. Sarufi yenyewe inatunza ushahidi kwamba kuna mkono wa mtu mwingine katika safari hiyo.

La tatu ni ughaibuni, ambalo limeenea sana katika vyombo vya habari kwa maana ya nchi za mbali wanakoishi wenzetu. Mzizi wake ni ghaibu, yaani hali ya kutokuwapo au kutoonekana. Lakini Kiswahili kinalitumia neno hilohilo kwa maana nyingine: kusoma kwa ghaibu ni kusoma kwa moyo, bila kukitazama kitabu. Maana hizi mbili zinakutana katika maisha ya mhamishwa. Nchi yake haipo mbele ya macho yake, naye anaijua kwa ghaibu.

Waliokosekana na sababu ya kukosekana kwao

Ili kuelewa uzito wa kura ya 1994, ni lazima ikumbukwe jinsi Waafrika wa Afrika Kusini walivyonyang'anywa haki hiyo hatua kwa hatua. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, baadhi ya Waafrika wa Cape walikuwa bado na kura kwa masharti ya mali na elimu. Mwaka 1936 waliondolewa katika daftari la pamoja. Chama cha National Party kilishika serikali mwaka 1948, na kufikia mwaka 1956 machotara wa Cape nao walikuwa wameondolewa katika daftari hilo. Katiba ya mwaka 1983 iliunda mabunge matatu, la Wazungu, la machotara na la Wahindi. Waafrika, ambao ndio walio wengi, hawakupewa hata moja.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba utawala huo haukutosheka na kuwanyima kura. Uliwanyima pia uraia. Sheria ya mwaka 1970 ilimfanya kila Mwafrika kuwa raia wa mojawapo ya bantustani, hata kama hakuwahi kukanyaga huko. Transkei ilipotangazwa kuwa nchi huru mwaka 1976, ikafuatwa na Bophuthatswana mwaka 1977, Venda mwaka 1979 na Ciskei mwaka 1981, mamilioni ya watu waligeuzwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Kwa maneno mengine, mtu aliweza kupelekwa ughaibuni ilhali ameketi kizingitini pake. Hakuna mfano ulio bayana zaidi wa ukweli kwamba kutokuwapo ni jambo linaloweza kutungiwa sheria.

Wapo waliovuka mipaka kwa miguu yao. Baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, vyama vya ANC na PAC vilipigwa marufuku, na Oliver Tambo akatoka nje ya nchi kuongoza kazi ya ANC akiwa uhamishoni. Tanganyika, na baadaye Tanzania, iliwapokea. Ofisi za ANC zilikuwa Dar es Salaam, kisha Morogoro ambako mkutano mkuu wa kihistoria ulifanyika mwaka 1969, kabla ya makao makuu kuwa Lusaka, Zambia. Frene Ginwala, ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge, alifanya kazi ya uanahabari Dar es Salaam. Nairobi nayo ilimpokea mwandishi Es'kia Mphahlele, ambaye mwaka 1963 alianzisha kituo cha utamaduni kilichopewa jina la Kiswahili, Chemchemi. Miriam Makeba, aliyefungiwa mlango wa kwao tangu mwaka 1960, aliuimba wimbo wa "Malaika" katika majukwaa ya dunia, kiasi kwamba wasikilizaji wengi ng'ambo walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa Mwafrika Kusini asiye na pasipoti ya nchi yake.

Wimbi la pili lilikuja baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Vijana waliokimbia walihitaji shule, na serikali ya Tanzania ikawapa ardhi ya Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Hapo ndipo chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu kilipoanzishwa mwaka 1978. Mahlangu mwenyewe alinyongwa Pretoria mwezi Aprili mwaka uliofuata. Mazimbu palikuwa na madarasa, mashamba, hospitali, na hatimaye makaburi. Watoto waliozaliwa pale waliijua Johannesburg kwa ghaibu, kwa masimulizi ya wazazi, huku mitaa waliyoitembea kwa miguu ikiwa ya Morogoro. Mwaka 1992 mahali hapo palikabidhiwa kwa Tanzania na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Marufuku ya vyama yaliondolewa tarehe 2 Februari 1990, na Nelson Mandela akatoka gerezani siku tisa baadaye. Kuanzia mwaka 1991 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisaidia kuwarejesha wahamishwa. Lakini kurejea si jambo la siku moja. Aliyekuwa na kazi, mke au mume wa nchi nyingine, watoto shuleni, au hofu ambayo haijapoa, alibaki nje. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Alex La Guma alizikwa Cuba mwaka 1985. Tambo alirejea nyumbani mwishoni mwa 1990 na kufariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja na siku mbili kabla ya kura ya kwanza. Mtu aliyeihubiri kura hiyo dunia nzima kwa miaka thelathini hakupata kuipiga.

Tarehe 26 Aprili 1994

Uchaguzi uliandaliwa na tume huru iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler. Siku kuu za kupiga kura zilikuwa tarehe 27 na 28 Aprili, na katika baadhi ya maeneo zikaongezwa hadi tarehe 29. Siku moja kabla, yaani tarehe 26, ilitengewa kura maalumu: wazee, wagonjwa, na raia walio nje ya nchi. Kwa hiyo, waliofukuzwa zamani walitangulia kupiga kura kabla ya wenyeji. Kwa kuwa saa za New Zealand hutangulia sana zile za Afrika, vituo vya huko vilifunguliwa wakati Johannesburg ilikuwa bado usiku.

Katiba ya mpito na bendera mpya vilianza kutumika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 27. Maana yake ni kwamba waliopiga kura ughaibuni walifanya hivyo wakati bendera ya zamani ndiyo iliyokuwa bado bendera rasmi ya nchi. Jijini London, kituo kilikuwa katika ubalozi wa Afrika Kusini ulioko Trafalgar Square. Jengo hilo lina historia yake. Kati ya mwaka 1986 na 1990 waandamanaji walikesha mbele yake, mchana na usiku, wakidai Mandela aachiliwe. Mlango uliokuwa ukitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, polisi wakiwa katikati, sasa ulifunguliwa, na foleni ikaingia ndani.

Swali gumu lilikuwa: nani ana haki ya kuingia katika foleni hiyo? Hapakuwa na daftari la wapiga kura. Kuliandaa kungechukua muda mrefu, na daftari lolote lililotokana na kumbukumbu za utawala wa zamani lingebeba dhambi za utawala huo. Badala yake, mpiga kura alitakiwa kuonyesha kitambulisho na kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 18. Asiyekuwa na kitambulisho aliweza kupewa kadi ya muda ya mpiga kura. Hili lilikuwa muhimu sana kwa wahamishwa, kwani wengi walikuwa wamesafiri kwa hati za nchi nyingine baada ya pasipoti zao kufutwa au kunyimwa. Aidha, sheria iliyopitishwa mwaka 1993 iliwarejeshea uraia wale walioupoteza kwa hila ya bantustani. Kwa kuwa hapakuwa na daftari, udanganyifu wa kupiga kura mara mbili ulizuiwa kwa wino usioonekana kwa macho: mkono wa mpiga kura ulipakwa wino huo, na taa maalumu ndiyo iliyoufichua.

Karatasi ya kura ilikuwa na vyama 19, kila kimoja kikiwa na jina, nembo na picha ya kiongozi wake, ili asiyejua kusoma asikwame. Chama cha Inkatha kilikubali kushiriki tarehe 19 Aprili, wiki moja tu kabla ya upigaji kura kuanza, wakati karatasi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Ilibidi kibandiko chenye jina lake kiongezwe chini ya orodha.

Mfumo wa uchaguzi nao ulirahisisha mambo. Viti 400 vya Bunge la Taifa viligawanywa kwa uwiano wa kura za vyama, si kwa majimbo ya mbunge mmoja mmoja. Katika mfumo wa majimbo, aliye nje huulizwa: wewe ni wa jimbo gani, na mbunge gani atakuwakilisha? Katika mfumo wa uwiano swali hilo halikwamishi kitu. Kura iliyopigwa ng'ambo iliingia katika kapu lilelile na kura ya Soweto, na uzito wake ukawa sawa nayo. ANC ilipata asilimia 62.65 na viti 252. Mandela, aliyekuwa na umri wa miaka 75, alipiga kura yake ya kwanza maishani huko Inanda, karibu na kaburi la John Dube, rais wa kwanza wa chama hicho.

Ni dhahiri kwamba kura za nje hazikubadilisha mshindi. Hilo si hoja dhidi yake. Thamani ya kura ya aliyefukuzwa haipimwi kwa jinsi ilivyopindua matokeo, bali kwa jinsi ilivyotangua hukumu ya kumfukuza.

Njia mbili: kumleta mtu au kumpelekea sanduku

Nchi nyingine zilizokabiliwa na swali hilo zimelijibu kwa njia tofauti. Namibia, katika uchaguzi wake wa Novemba 1989 uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, ilichagua kuwaleta watu nyumbani. Zaidi ya wahamishwa 40,000 walirejeshwa kabla ya siku ya kura, akiwamo Sam Nujoma mwenyewe. Njia hii ina faida ya kuunganisha kura na makazi: anayechagua ndiye atakayeishi na chaguo lake. Lakini inadai muda, fedha na usalama, na inamwacha nje yeyote asiyeweza kurudi kwa tarehe iliyopangwa.

Iraki, mwezi Januari 2005, ilichagua kupeleka sanduku. Vituo viliwekwa katika nchi 14, na kazi hiyo ikasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hapa daftari lilihitajika. Mtu alisafiri mara ya kwanza kujiandikisha kati ya tarehe 17 na 25, kisha akasafiri tena kupiga kura kati ya tarehe 28 na 30. Kwa aliyeishi mbali na miji michache iliyoteuliwa, hizo zilikuwa safari mbili ndefu ndani ya wiki mbili. Takriban watu 280,000 walijiandikisha, idadi ndogo ikilinganishwa na Wairaki wote walioishi nje. Lakini kati ya hao zaidi ya tisa katika kila kumi walirudi kupiga kura. Funzo ni kwamba kinachopunguza kura ya ughaibuni mara nyingi huwa ni umbali wa kituo, wala si ubaridi wa moyo.

Wasomaji wa Kenya wana mfano ulio karibu zaidi. Kura ya maoni ya Sudan Kusini, iliyopigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011, haikuwa ya kuwachagua viongozi bali ya kuamua iwapo nchi itajitenga. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa manane ya nje yaliyokuwa na vituo. Mkataba wa amani uliozaa kura hiyo ulitiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na kambi ya Kakuma ilikuwa imewapokea wakimbizi tangu mwaka 1992. Karatasi ilikuwa na michoro miwili: mkono mmoja ulioinuliwa kwa kujitenga, na mikono miwili iliyoshikana kwa umoja. Ili kustahili kupiga kura, mtu alipaswa kuonyesha asili yake katika jamii za Kusini, au makazi ya kudumu huko, mambo yote yakihesabiwa kutoka tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Kijana aliyekulia kambini, ambaye hajawahi kuiona Juba, alijithibitisha kwa nasaba yake. Asilimia 98.83 ya kura zote zilitaka kujitenga.

Hoja za wanaopinga

Haitakuwa haki kuyapuuza maoni ya upande wa pili, kwa kuwa nayo yana methali zake. Wa kwanza husema: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Anayeishi ughaibuni halipi kodi nchini, hapangi foleni hospitalini, wala hatatozwa bei ya unga itakayopandishwa na serikali aliyoichagua. Wa pili huongeza kwamba aliye kando haangukiwi na mti: aliye salama mbali anaweza kuchagua kwa hasira au kwa kumbukumbu za zamani, halafu madhara yakawafikia wengine. Wa tatu hutaja gharama, na ugumu wa kulinda sanduku lililo katika ubalozi unaoongozwa na wateule wa serikali iliyopo.

Hoja hizi ni nzito na hazistahili kubezwa. Hoja ya gharama na ulinzi inajibika kwa mipango: mawakala wa vyama, waangalizi, na kuhesabu kura kwa uwazi. Hoja ya kunguni inahitaji jibu la kina zaidi. Mhamishwa wa 1994 alikuwa amekilalia kitanda hicho. Kunguni ndio waliomfukuza. Tena, si kweli kwamba mti hauwaangukii walio nje. Usipokatwa, hawawezi kurudi. Sheria za uraia, pasipoti, ardhi na urithi huamuliwa na wale wanaochaguliwa nyumbani, na jamaa wanaotumiwa fedha za karo na matibabu ni sehemu ya maisha yao. Ikiwa kodi au makazi ndiyo kipimo cha uraia, basi raia wengi walio ndani nao wataanguka katika kipimo hicho, na tutakuwa tumerudi kwenye masharti ya mali na elimu ya Cape ya mwaka 1910.

Mlango unapoanza kufungwa

Lililofuata Afrika Kusini linaithibitisha hoja kuu ya makala haya. Katiba ya 1996 ilimpa kila raia aliye mtu mzima haki ya kupiga kura. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1998 iliifinya haki hiyo kwa walio nje, ikawabakishia maofisa wa serikali na makundi machache. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliongeza walio nje kwa muda kwa ajili ya likizo, safari ya biashara, masomo au mashindano ya kimataifa ya michezo. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: aliyekwenda ng'ambo kucheza mpira aliruhusiwa, aliyekwenda kufundisha shule akakataliwa.

Mwalimu mmoja wa aina hiyo, Willem Richter, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikwenda mahakamani. Tarehe 12 Machi 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kizuizi hicho kilikiuka katiba, na kwamba raia aliyekwisha kujiandikisha anaweza kupiga kura popote alipo baada ya kutoa taarifa. Ilikuwa imebaki wiki sita tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 22 Aprili. Kwa asiyejiandikisha, ilibidi kungoja marekebisho ya mwaka 2013 yaliyoruhusu uandikishaji nje ya nchi.

Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kuweka msingi mwaka 1999 katika kesi iliyohusu wafungwa, ambapo Jaji Albie Sachs alieleza kwamba kura ya kila raia ni alama ya utu wake. Sachs mwenyewe alikuwa mhamishwa. Mwaka 1988 alipoteza mkono kwa bomu lililotegwa katika gari lake jijini Maputo. Si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo alifahamu gharama ya kutohesabiwa.

Kenya nayo imo katika safari hiyohiyo. Kifungu cha 82 cha Katiba ya 2010 kinaagiza raia walio nje waandikishwe na haki yao ya kupiga kura itekelezwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 vituo vilikuwa katika nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki pekee, na kura ilikuwa ya urais tu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba utekelezaji unaweza kwenda kwa awamu. Mwaka 2017 Afrika Kusini iliongezwa, na mwaka 2022 nchi zikafikia 12, zikiwamo Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu. Walioandikishwa nje mwaka huo walizidi 10,000 kidogo, idadi ndogo mno kwa taifa ambalo wananchi wake walio nje ni wengi kiasi hicho. Maneno "hatua kwa hatua" ni ya busara iwapo hatua zinapigwa; yakiachwa bila tarehe, yanaweza kuwa njia ya heshima ya kusema hapana.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kura ya ughaibuni halihusu mabalozi na masanduku tu. Linahusu tafsiri ya neno raia. Afrika Kusini ya 1994, ikiwa haina daftari, haina muda, na ina karatasi za kura zenye kibandiko, iliamua kuwahesabu wote: aliyebaki, aliyefukuzwa, na aliyegeuzwa mgeni akiwa kwao. Miaka minne baadaye, ikiwa na daftari, tume ya kudumu na katiba inayosifiwa, ilianza kuwapunguza. Uwezo ulikuwa umeongezeka. Kilichopungua ni kumbukumbu ya jinsi kutokuwapo kulivyotengenezwa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, somo jingine limo katika lugha yenyewe. Methali si sheria. Ni hoja inayosubiri kujibiwa na mazingira. Asiyekuwapo na lake halipo ni onyo linalomfaa mvivu. Likitumiwa dhidi ya aliyeondolewa kwa nguvu, linakuwa ni utetezi wa aliyemwondoa. Ni wajibu wa wanaoitafiti na kuifundisha lugha hii kulichunguza kila neno linalotumika katika mijadala ya uraia, na kuuliza lilimwacha nani nje. Aliye ghaibu, ambaye bado anaijua nchi yake kwa ghaibu, anastahili kuulizwa neno lake kabla ya baraza kufunga kikao.